Tote si neno letu

KALAMU YA ZUHURA
Na Zuhura Makame

Hakosekani mtu wa kutamba kwamba Wamarekani wa kusini wanasema Kiswahili bila kujua. Ushahidi wake ni tote, neno ambalo wengi tunalijua kwa ile mikoba ya kitambaa. Huko Virginia na Georgia maana yake ni kubeba. Eti limetokana na kututa, yaani kukusanya vitu vikawa rundo, kitenzi chenye undugu na matuta yetu ya viazi na yale ya barabarani yanayotuvunjia magari.

Sikubali. Neno hilo limo katika maandishi ya Virginia tangu 1677. Waafrika walioshushwa huko mwaka 1619 walitoka Angola, si Kilwa wala Bagamoyo. Kama asili yake ni Afrika, waulizwe kwanza Wakongo wenye tota, kuokota, na wasemaji wa Kimbundu wenye tuta, kubeba. Kututa kwetu ni binamu tu, na binamu harithi shamba watoto wa marehemu wakiwapo.

Lorenzo Dow Turner, mwanaisimu Mmarekani mweusi, aliitetea asili ya Kiafrika katika kitabu chake cha 1949 kuhusu Kigullah, lugha ya visiwa vya South Carolina na Georgia. Kamusi ya Oxford haikushawishika. Wenye shaka wana pa kushika: mwaka 1671 gavana wa Virginia, William Berkeley, alihesabu watumwa weusi 2,000 tu kati ya wakazi 40,000. Wapo watetezi wa asili ya Kiafrika wanaokimbilia Krio, lugha ya Sierra Leone, inayosema tot kwa maana hiyohiyo. Lakini mwaka 1792 watu weusi waliowahi kuwa watumwa Marekani walihamia Freetown kutoka Nova Scotia. Huenda wao ndio waliolipeleka.

Hata hivyo naegemea Angola. Kiingereza hakijaonyesha mzazi wa neno hili anayeaminika, na hao 2,000 walikuwa kwenye mashamba ya tumbaku, wakibeba mizigo pamoja na watumishi wa Kizungu kutwa kucha. Neno la kazi huokotwa kazini, hata kama wenye nalo ni wachache.

Huo ni mwelekeo wangu, si uthibitisho. Anayelidai kwa niaba ya Kiswahili alete hati. Sauti kufanana haitoshi.