Burungu: Moto wa nyumbani uwashwe mapema, utoke mapema

Mvua za mwezi wa kenda zikianza kupiga milima ya Masisi, nyumba nyingi za Burungu zinarudi kwenye ulizo lile lile: leo tuwashe moto ndani, ao tungoje kwanza? Baba anaangalia gunia la makala lililobaki nusu, anasema baridi haijafika. Mama anaangalia mtoto anayekohoa, anasema imekwisha kufika. Mara nyingi gunia ndilo linashinda. Watu wanangoja mpaka usiku, baridi inawazidi, mbabula inaingizwa chumbani, mlango unafungwa na kila mtu analala.

Desturi hiyo inapaswa kubadilika, kwa sababu inamaliza makala na inaua watu. Moto wa nyumbani uwashwe mapema jioni, na utoke nje mbele ya watu kulala.

Kuna nchi ambako ulizo hili linajibiwa na serikali. Italia imegawanywa kwa maeneo kufuatana na baridi yake, na sheria inapanga tarehe. Katika muji wa Milano, kwa kawaida nyumba zinaruhusiwa kupashwa joto kuanzia tarehe 15 ya mwezi wa kumi mpaka tarehe 15 ya mwezi wa ine. Katika miji ya Urusi, joto la mabomba linafunguliwa wakati wastani wa siku umekuwa chini ya nyuzi 8 kwa siku tano mfululizo. Burungu hakuna bomba wala tarehe. Kila nyumba inaamua yenyewe, na kwa wakaaji wengi moto ni kuni na makala.

Baridi ya huku nayo ni ya namna yake. Masisi iko karibu sana na ikweta, kwa hiyo jua halituachi kama linavyowaacha watu wa Ulaya. Baridi yetu inatoka kwenye urefu wa milima na kwenye maji. Sehemu nyingi za Masisi zinapita mita 2,000, na katika mwezi wa kenda wingu linakaa juu ya mashamba mchana kutwa. Nguo hazikauki. Ukuta wa mbao unapitisha upepo. Watoto wamerudi masomoni, wanatoka asubuhi kwenye ukungu na wanarudi wamelowana. Mtu anayengoja baridi kali kama ya kwenye picha za theluji ndipo awashe moto, atangoja huku mtoto wake anaugua. Shirika la Afya Duniani linashauri nyumba isipungue nyuzi 18 katika nchi zenye baridi. Nyumba nyingi za mbao kwenye milima hii zinashuka chini ya hapo usiku mwingi.

Wenye kupinga wanasema makala ni ghali, na kuwasha mapema ni kupoteza. Hesabu yenyewe inaonyesha kinyume. Chakula cha jioni kinapikwa kila siku, na moto wake lazima uwake. Ukiwashwa saa kumi na moja na kupikiwa chini ya paa, karibu na mlango ulio wazi, joto lile lile linalopika maharagi linakausha nguo za masomo na kupasha nyumba. Familia inayopikia nje kwenye mvua, kisha inawasha mbabula nyingine saa tatu ya usiku kwa ajili ya kulala, inalipa mioto miwili. Wa pili ndio unaokula gunia, na ndio wenye hatari kubwa.

Hapo ndipo watu wengi wanadanganyika. Wanaamini kwamba makala yakikuwa mekundu na moshi ukiisha, hatari nayo imekwisha. Si kweli. Makala mekundu bila moshi yanatoa hewa ya sumu inayoitwa kaboni monoksidi. Haina rangi wala harufu, na haikohozi mtu. Ikiingia mapafuni inashikamana na damu kwa nguvu inayopita ile ya oksijeni zaidi ya mara 200, na mwili unakosa hewa kidogo kidogo. Aliye macho anasikia kichwa kinauma, kizunguzungu, kichefuchefu, miguu kulegea. Aliyelala hasikii kitu. Asubuhi majirani wanagonga mlango na hakuna anayejibu. Kisha maneno yanaanza: wamelogwa, wamekula sumu, kuna mtu aliwaonea wivu. Hapo familia mbili zinachukiana kwa miaka juu ya kifo kilichotoka kwenye mbabula.

Moshi wenyewe pia si wa kuzarau. Shirika la Afya Duniani linahesabu kwamba katika mwaka 2020 watu milioni 3.2 walikufa duniani kwa sababu ya hewa chafu ya ndani ya nyumba, na zaidi ya 237,000 kati yao walikuwa watoto wa chini ya miaka mitano. Kuni mbichi ao makala yaliyolowa ndiyo yanafukiza zaidi. Ndiyo maana kuwasha moto wa mwezi wa kenda ni jambo la kuamuliwa katika mwezi wa nane, kiangazi kingalipo: kuni zipasuliwe, zikauke, ziwekwe chini ya paa pamoja na makala.

Kwa familia zilizorudi kutoka Goma, mambo ni magumu kupita hayo yote. Vita vimezungusha wakaaji wa Masisi mara nyingi. Mapema mwaka 2025 kambi za wakimbizi zilizozunguka Goma zilivunjwa, na familia nyingi zikarudi kwenye vijiji vyao. Kuna waliokuta nyumba bila manjanja na bila milango, na sasa wanaishi chini ya shitingi. Shitingi haina dirisha, na hewa yake ni kidogo kuliko ya chumba cha mbao. Mbabula ndani yake inaweza kuua kwa sumu ao kwa kuunguza. Kumwambia mama wa shitingi "usiingize mbabula" bila kumpa blanketi ni kumwambia achague namna ya kuteseka.

Kuni nazo zina bei isiyoandikwa sokoni. Katika mwaka 2023, Médecins Sans Frontières ilitangaza habari za wanawake wengi waliobakwa walipotoka kambi za Goma kutafuta kuni na chakula. Mwanamke anayebana makala yake si mchoyo. Anajua gunia likiisha ni nani atatumwa porini.

Kwa hiyo shauri hili lisiachiwe gunia peke yake. Katika nyumba, mama ndiye analala na mtoto na kusikia kifua chake, basi neno lake juu ya moto lipite. Mbabula iwashiwe nje mpaka moshi utoke, iingizwe wakati mlango au dirisha liko wazi, na itolewe mbele ya watu kulala, hata kama makala bado yana moto. Mtoto anaweza kulala na chupa ya maji ya moto iliyofungwa vizuri na kuzungushwa kitambaa. Akikutwa mtu amelegea karibu na makala, atolewe kwenye hewa safi mara moja na apelekwe kituo cha afya, mbele ya kuuliza nani kamloga.

Wakubwa wa kijiji, walimu na viongozi wa makanisa wana kazi yao. Tangazo la dakika mbili mbele ya ibada, ao siku ya kwanza ya masomo, halina gharama. Na mashirika yanayogawa shitingi yagawe blanketi siku ile ile, si mwezi wa kumi na moja kisha watoto wamekwisha kuugua.

Na miti ipandwe, kwa kuwa mvua hii inayoleta baridi ndiyo inayokomesha miche. Tangu mwaka 2007 mradi wa EcoMakala wa WWF umesaidia wakulima wa Kivu ya Kaskazini kupanda miti ya makala ili Pori la Virunga, lililoanzishwa mwaka 1925, lisigeuzwe jivu. Safu ya mikalitusi ao migrevilea kwenye mpaka wa shamba inawezekana hata bila mradi. Asiye na udongo wake hawezi kupanda, na Masisi watu hao ni wengi. Wenye mashamba makubwa ya ng'ombe wangeweza kuwaachia pembeni za kupandia, nao wakapata ua na kivuli.

Miti hiyo itakomaa kisha miaka. Usiku wa leo, kinachohitajika ni kidogo: mlango uwe wazi wakati maharagi yanachemka, na mbabula ilale nje.