Viatu vya magurudumu Nairobi: Viatu vipo, njia iko wapi?

Ukipita Aga Khan Walk, katikati ya jiji la Nairobi, siku ya Jumapili au sikukuu, utawakuta vijana na watoto wakiteleza kwa viatu vya magurudumu. Wapo waliokuja na viatu vyao, wapo waliokodi papo hapo, na wanaoanza wameshikwa mkono na anayewafundisha. Zamani mchezo huu ulikuwa wa watoto wa wenye uwezo. Viatu vya mitumba vimeushusha hadi mitaa ya kawaida, na video za simu zimeufikisha hata vijijini.

Msikilizaji aliye mbali na jiji anaweza kuuliza: mimi yananihusu nini? Yanakuhusu, kwa sababu wengi wa vijana hao wametoka mashambani, na wapo wanaotuma pesa nyumbani kila mwezi. Kijana wa mjengo au wa saluni akivunjika mkono, anakaa wiki kadhaa bila kazi. Pengo hilo linafika hadi kwenye karo ya mdogo wake.

Kwa nini wanaingia barabarani?

Aga Khan Walk ni njia ya waenda kwa miguu; magari hayapiti. Sehemu laini za namna hiyo ni chache Nairobi. Kijana akishajua kuteleza, hutafuta lami, na lami iliyo nzuri ni ya barabara kuu. Huko ndiko wengine hushika nyuma ya matatu au lori ili wavutwe. Dereva hamwoni aliyejishikiza nyuma yake. Akifunga breki ghafla au akikwepa shimo, kijana hana muda wa kujiokoa.

Barabara zenyewe tayari zina msiba wake. Tangu mwaka 2021, takwimu za mamlaka ya usalama barabarani, NTSA, zinaonyesha zaidi ya watu 4,000 wakifa kila mwaka katika ajali nchini Kenya, na kundi kubwa zaidi ni waenda kwa miguu. Mtu aliyevaa magurudumu hana ulinzi unaozidi wa mtembea kwa miguu, ila mwendo wake ni wa kasi zaidi.

Jiji liliahidi nini?

Mwaka 2015 Kaunti ya Nairobi ilizindua sera ya usafiri usiotumia injini. Sera hiyo iliahidi kutenga asilimia 20 ya bajeti ya ujenzi wa barabara kwa ajili ya waenda kwa miguu na waendesha baiskeli. Tangu hapo njia kadhaa zimejengwa, zikiwemo za Kenyatta Avenue. Lakini nyingi zimetandikwa matofali ya kabro, na magurudumu madogo hukwama kwenye nafasi zilizo kati ya tofali na tofali. Kwingine njia imekaliwa na bodaboda au bidhaa za wachuuzi, nao pia wanatafuta riziki.

Mwaka 2019 serikali ilitangaza siku za kufunga baadhi ya mitaa ya Nairobi kwa magari. Mpango huo uliahirishwa kabla ya kuanza. Kigali, Rwanda, walianza siku kama hizo mwaka 2016, na baadaye zikawa mara mbili kwa mwezi. Jumapili asubuhi barabara zilizochaguliwa hufungwa, watu wakakimbia, wakaendesha baiskeli na kuteleza. Barabara ni zilezile za magari. Kilichobadilika ni saa za matumizi.

Nani ana haki ya njia?

Katika sheria za Ujerumani na Ufaransa, anayeteleza huhesabiwa kama mwenda kwa miguu. Maana yake anatumia njia ya waenda kwa miguu, na anawajibika kwao. Utaratibu huo una busara hata kwetu. Mzee mwenye mkongojo, mama aliyebeba mzigo na mtu asiyeona ndio wa kwanza njiani. Anayeteleza apunguze mwendo, aseme "samahani" mapema, na pakiwa na msongamano asimame au avue viatu atembee.

Anayeanza afanye nini?

Kwanza, akodi kabla ya kununua, ajue kama mchezo anaupenda. Akinunua mitumba, azungushe kila gurudumu kwa mkono. Linalokwaruza au kuyumba lina beringi mbovu. Kiatu kibane kisigino bila kuumiza vidole, na breki ya kisigino iwepo, kwani viatu vingi vya mitumba huja bila breki.

Pili, atenge pesa ya vikinga: vya viganja na vifundo vya mikono, viwiko, magoti, pamoja na kofia ngumu. Anayeanguka hutanguliza mikono. Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 1996 ulikuta kwamba wasiovaa vikinga vya vifundo vya mikono walikuwa na hatari ya kuumia hapo takribani mara kumi kuliko waliovaa. Kama pesa haitoshi kwa viatu na vikinga, asubiri.

Tatu, aanzie kwenye nyasi. Magurudumu hayakimbii hapo, hivyo anaweza kujifunza kusimama huku amekunja magoti, kuinamia mbele kidogo, na kuanguka kwa magoti yenye vikinga. Kisha ahamie sakafu laini isiyo na mteremko, kama uwanja wa mpira wa kikapu. Ajifunze kusimama kwanza, kwenda mbele baadaye. Baada ya mvua, au penye mchanga, aache.

Na vijijini je?

Lami mpya imefika katika vituo vingi vya biashara mashambani, na watoto huiona kama uwanja. Lakini lori la mchanga na probox ya abiria hupita hapo kwa kasi, na mara nyingi kando hakuna njia ya miguu. Mzazi anayeletewa viatu hivi kama zawadi kutoka mjini aulize kwanza mtoto atatelezea wapi. Sakafu ya shule au ya ukumbi wa kanisa, kwa ruhusa ya wenyewe, ni salama kuliko barabara.

Bajeti za kaunti hupitia vikao vya maoni ya umma. Barabara inapopangwa kupita kijijini kwenu, hapo ndipo pa kuuliza kama njia ya miguu imo kwenye mchoro. Njia hiyo watoto wataitumia kwenda shule kila siku, hata wale ambao hawatavaa magurudumu kamwe.