Arua na Koboko: Saa ya basi huamuliwa mbali na kituo

Daraja la Karuma lilipofungwa tarehe 23 Septemba 2024 kwa ukarabati wa miezi mitatu, hesabu ya safari ilibadilika hata kwa abiria wa Koboko, aliye mamia ya kilomita kutoka hapo. Magari ya kwenda West Nile yalielekezwa Masindi, kisha Paraa ndani ya Hifadhi ya Maporomoko ya Murchison, hadi Pakwach. Malori mazito yakazungushwa upande wa mashariki, kupitia Mbale, Soroti na Lira.

Daraja hilo, lililojengwa mwaka 1963, lilifunguliwa tena Desemba. Lakini miezi hiyo ilidhihirisha jambo ambalo wasafiri wa eneo hili wanalijua siku nyingi: saa ya basi kuondoka Arua haipangwi Arua.

Kutoka Kampala hadi Arua ni kilomita 480 hivi, na basi huvuka mto Nile mara mbili, Karuma na Pakwach. Koboko iko kilomita 55 hivi mbele zaidi. Aliye mwisho wa njia ndiye hulipia kila saa iliyopotea nyuma yake. Basi likichelewa, mwenye gari hushawishika kuikatisha safari Arua, na abiria wa Koboko akashuka na mizigo yake kutafuta taksi, kwa nauli ambayo hakuipangia.

Zamani sababu ilikuwa vita. Katika miaka ya 1990 na mwanzoni mwa miaka ya 2000, waasi wa LRA walipokuwa wakishambulia magari kaskazini mwa Uganda, barabara ya Karuma hadi Pakwach ilipitwa kwa misafara iliyolindwa na wanajeshi. Ratiba ikawa mikononi mwa jeshi. Baadaye likaja janga la Covid-19. Usafiri wa umma uliporuhusiwa tena tarehe 4 Juni 2020, wilaya za mpakani ziliachwa nje, Arua na Koboko zikiwamo. Amri ya kutotoka nje usiku, iliyoendelea hadi Januari 2022, ilivuruga desturi ya mabasi ya usiku ambayo wafanyabiashara wengi walikuwa wakiitegemea.

Si kila badiliko lilikuwa la hasara. Lami ya barabara ya Vurra, Arua, Koboko hadi Oraba, kilomita 92, iliyojengwa kwa fedha za Benki ya Dunia, imeileta Koboko karibu na hospitali ya rufaa ya Arua kuliko wakati wowote. Tumaini lilikuwa kubwa zaidi ya hapo: kwamba Koboko ingekuwa lango la Juba, kupitia Kaya na Yei. Hilo halikutimia. Barabara ya Nimule hadi Juba, kilomita 192, ilikuwa imekwisha kuwekwa lami mwaka 2012, na mapigano ya Julai 2016 nchini Sudan Kusini yaliifanya njia ya Yei kuwa ya hatari. Mabasi ya Juba yakaifuata njia ya Gulu na Elegu.

Kinachosumbua zaidi ni jinsi habari inavyosafiri. Leseni ya basi hutolewa kwa njia maalumu, lakini abiria hana pa kusoma saa zake. Tangazo la kufungwa kwa daraja hutolewa Kampala kwa Kiingereza. Likifika Koboko limekwisha kupita vinywani mwa utingo, kwa Kiswahili, Kinubi au Kikakwa, na pengine limebadilika njiani. Kuyataka makampuni yabandike saa zao vituoni, katika lugha zinazosemwa hapo, hakuhitaji mkopo wa Benki ya Dunia.

Badiliko lijalo huenda likatoka mashariki. Tangu kambi ya wakimbizi ya Bidi Bidi ilipofunguliwa wilayani Yumbe mwezi Agosti 2016, safari za kuelekea huko zimekuwa na uzito mpya, na barabara ya Koboko, Yumbe hadi Moyo, ya kilomita zipatazo 105, imo katika mpango wa kuwekwa lami. Ikikamilika, basi litaweza kutoka Koboko kuelekea Adjumani na Gulu bila kupita Arua kabisa, na Arua itapoteza sehemu ya nafasi yake kama mahali ambapo kila safari lazima ipumzike. Huko Laropi, hata hivyo, mto bado huvukwa kwa kivuko, nacho kina saa zake.