Mafuta yanayoteketea kwenye foleni ya Malaba ni mzigo wa nani?

WATALII wanaovuka mpaka wa Busia kwa magari yaliyoundwa mithili ya nyumba, yenye kitanda, jiko na tangi la maji, wana lalama moja inayofanana. Gari hunywa mafuta mengi kuliko ilivyoandikwa katika kijitabu cha kiwanda.

Lalama hiyo si ngeni kwa madereva wa malori ya masafa marefu wanaotoka Mombasa kuelekea Kampala, Kigali, Juba na mashariki mwa Kongo. Kwao pia, gari ni nyumba. Nyuma ya kiti mna kitanda chembamba, na kando ya magurudumu ndipo sufuria ya ugali hutelekwa foleni inapokatalia pale pale.

Tofauti iliyopo ni ya mfuko. Mtalii hulipia lita za ziada kwa hiari yake. Dereva wa lori, kwa upande mwingine, hukabidhiwa mafuta yaliyokadiriwa kwa kilomita, na yakipungua hutakiwa kueleza yalikokwenda. Asipoaminika, hukatwa mshahara au hushukiwa kwamba aliyanyonya na kuyauza njiani.

Ndiyo maana swali la kiasi halisi cha mafuta ambacho gari hutumia barabarani si la mafundi peke yao. Ni swali la haki, na linapasa kuulizwa Malaba na Busia kabla ya kuulizwa kwingineko.

Kwanza, takwimu za kiwanda. Huko Ulaya, watafiti wa baraza la kimataifa la uchukuzi safi, ICCT, walibainisha kuwa pengo kati ya vipimo vya maabara na matumizi halisi ya magari madogo lilipanuka kutoka takriban asilimia 9 mwaka wa 2001 hadi zaidi ya asilimia 40 kufikia 2015. Ilibidi Jumuiya ya Ulaya ianzishe utaratibu mpya wa vipimo mnamo Septemba 2017.

Sababu yake si fumbo. Katika maabara hakuna mlima, upepo, matope wala mzigo. Gari la nyumba ambalo limejazwa maji, vyakula na vitanda si lile lililopimwa. Vivyo hivyo, trela lililobeba kontena mbili si lile ambalo muuzaji alilieleza mjini Nairobi au Mombasa.

Pili, ardhi yenyewe. Safari ya kutoka Mombasa hadi Malaba ni zaidi ya kilomita 900. Lori huanzia usawa wa bahari, likapanda hadi Nairobi iliyo karibu mita 1,700, likavuka nyanda za Limuru zinazozidi mita 2,000, likateremka Bonde la Ufa, kisha likakwea tena hadi Timboroa, takriban mita 2,700 juu ya bahari. Wanaoelekea Busia kupitia Kericho na Kisumu nao hawaepuki mwinuko wa Mau.

Hesabu ya kawaida ya fizikia yaonyesha maana ya milima hiyo. Kuliinua lori la tani 50 kwa mita 1,000 kunahitaji zaidi ya lita 30 za dizeli, hata kama injini ni nzima na inafanya kazi vyema. Mafuta hayo ni ya kupandia tu, mbali na yale ya kulisukuma mbele. Katika mteremko, sehemu kubwa ya nguvu hiyo huishia kwenye breki.

Ikizingatiwa kwamba sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya kudhibiti uzito wa magari, ya mwaka wa 2013, inaruhusu hadi tani 56 kwa lori lenye ekseli saba, ni wazi kwamba kipimo cha nchi tambarare hakiwezi kutumika hapa. Lori lililopakia huweza kutumia lita 40 hadi 60 kwa kila kilomita 100, kutegemea umri wake, njia na mkono wa dereva.

Hata hivyo, milima inajulikana na inaweza kupigiwa hesabu mapema. Jambo lisilotabirika ni foleni.

Injini ya lori kubwa inayonguruma huku gari likiwa limesimama huteketeza takriban lita 3 kwa saa. Malaba ni mahali pa joto na mbu. Dereva huwasha injini apate hewa, betri isife, au asogee hatua chache ili asipitwe na wengine. Kwa kontena za baridi, umeme hauwezi kuzimwa kamwe, la sivyo shehena itaoza.

Tuseme injini imewashwa kwa saa 8 kwa siku, kwa siku tatu. Hizo ni lita 72 bila lori kuondoka eneo la mpaka. Mnamo Oktoba 2023, dizeli ilipouzwa Sh205.47 kwa lita jijini Nairobi, kiasi hicho kingegharimu takriban Sh14,800. Bei ilishuka mwaka wa 2024, lakini hesabu yenyewe haibadiliki: kipimo cha kilomita husoma sufuri, ilhali tangi linapungua.

Hapo ndipo mgogoro wa dereva na mwajiri huzaliwa. Afisa aliye ofisini huona kilomita zilizosafiriwa na lita zilizotumika. Haoni usiku tatu wa foleni. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake.

Ni kweli kwamba serikali za eneo hili zimejitahidi. Mwaka wa 2014 utaratibu wa himaya moja ya forodha ulianza kutekelezwa, na viongozi wakawa wakitaja kwamba safari ya mizigo kutoka Mombasa hadi Kampala ilipungua kutoka siku 18 hadi siku 4. Mnamo Februari 2018, Rais Uhuru Kenyatta na mwenzake Yoweri Museveni walizindua kituo cha pamoja cha mpakani mjini Busia, ambapo msafiri hukaguliwa mara moja tu badala ya mara mbili.

Lakini mafanikio hayo yalithibitika kuwa dhaifu. Mwaka wa 2020, kanuni za kupima madereva virusi vya corona zilizalisha msururu wa makumi ya kilomita kutoka Malaba. Januari 2022 hali ilijirudia, Uganda ilipowataka madereva wapimwe kwa ada mpakani nao wakagoma.

Tukio hilo la 2022 lilidhihirisha kinaya kikubwa. Sehemu kubwa mno ya mafuta yanayotumiwa Uganda hupitia Kenya, ambapo husafirishwa kwa bomba hadi Eldoret na Kisumu, kisha hupakiwa kwenye matangi na kuvushwa Malaba na Busia. Matangi yalipokwama, Uganda ilikauka. Katika baadhi ya maeneo, lita moja ya petroli iliuzwa kwa zaidi ya Sh10,000 za Uganda, na wenye magari wakavuka hadi upande wa Kenya kutafuta nafuu.

Kwa maneno mengine, mafuta yalikuwa yakiteketea kwenye foleni iliyozuia mafuta kufika.

Athari za mambo haya hazikomei kwenye barabara kuu. Kusini mwa mji wa Busia, katika eneo la Funyula, foleni za trela hazionekani. Hata hivyo, wavuvi wa Sio Port huingia ziwani kwa mashua zenye injini za petroli, na mwanabodaboda ndiye anayempeleka mgonjwa hospitalini na mama sokoni. Jamii ya Wasamia inaishi pande zote mbili za mpaka, kwa hivyo kila bei inapobadilika Uganda, habari hufika Funyula kabla ya jua kutua.

Kenya ilianza kudhibiti bei za mafuta Desemba 2010, na mamlaka ya kawi na petroli, EPRA, hutangaza bei ya kila mji tarehe 14 ya kila mwezi. Uganda iliacha soko lijipangie bei tangu miaka ya tisini. Mifumo miwili inapokaribiana hivyo, mitungi ya mafuta hufuata upande wenye faida kupitia vichochoro, na aghalabu anayeibeba ni kijana wa bodaboda.

Ikumbukwe kuwa jina lenyewe la bodaboda lilizaliwa katika mpaka huu, miaka ya sitini, vijana wa baiskeli walipokuwa wakiwavusha wasafiri kutoka kituo kimoja hadi kingine. Usafiri huo haukuhitaji hata tone la petroli. Leo, pikipiki zimefungamanisha riziki ya maelfu na bei ya lita.

Kodi nazo zimeongeza uzito. Ushuru wa thamani ya ziada kwa mafuta ulianza kutozwa nchini Kenya kwa asilimia 8 mnamo Septemba 2018, kisha ukaongezwa maradufu hadi asilimia 16 Julai 2023. Serikali hukusanya kodi hiyo kwa kila lita, iwe imesukuma lori mbele au imeteketea bure Malaba. Hivyo, ucheleweshaji wa serikali moja au nyingine haumgharimu afisa aliyeusababisha. Humgharimu mwenye lori, dereva, na hatimaye mnunuzi wa sukari, saruji na sabuni.

Kuna hatua zisizohitaji mabilioni. Kampuni za uchukuzi zinaweza kukadiria mafuta kwa kilomita na kwa saa ambazo injini imekuwa ikinguruma pasipo gari kwenda, kwa kuwa malori mengi ya kisasa hurekodi vipimo vyote viwili. Dereva mwaminifu atalindwa, na mwizi atakosa pa kujificha.

Aidha, maegesho yenye vyoo, maji na umeme karibu na mpaka yangewawezesha madereva kuzima injini na kusubiri kwa nambari badala ya kusogea hatua kwa hatua usiku kucha. Mamlaka za mapato za nchi hizi mbili nazo zingefaa kutangaza kila wiki muda ambao lori hukaa mpakani, kama vile EPRA inavyotangaza bei kila mwezi.

Mtalii mwenye gari la nyumba akichoshwa na foleni, anaweza kugeuza na kurudi Kisumu kutazama machweo. Dereva wa lori hana hiari hiyo. Kabla hajaulizwa lita zilikwenda wapi, waliomweka barabarani siku tatu hawana budi kuulizwa kwanza.