Kurasa Tisini Zisizosema Kitu

Tuseme ukweli, wanangu wa IT: ile "nyaraka ya mfumo" tunayoibandika nyuma ya ripoti ya projekti ya mwaka wa mwisho haisomwi na mtu. Unaendesha Javadoc au Doxygen, sekunde chache tu, zinatoka kurasa tisini zenye viungo vya bluu. Supavaiza anapima unene, anasaini. Ukizifungua: "getJina: hurudisha jina." Asante sana.

Sina ugomvi na zana zenyewe. Javadoc ilikuja na toleo la kwanza la Java mwaka 1996, Doxygen ikafuata 1997, na wazo lao ni zuri: maelezo yakae juu ya msimbo wenyewe, kati ya alama /** na */, ili msimbo ukibadilika nyaraka zizalishwe upya badala ya kuchakaa kwenye faili la Word. Jina la fanksheni, aina ya data inayoingia, aina inayotoka, hayo zana huyachota yenyewe. Sababu haiichoti, kwa kuwa haimo kwenye msimbo. Mwandishi asipoiandika, anaondoka nayo.

Nililiona hili fildi, Igunga. Chama kimoja cha msingi cha wakulima wa pamba kilikuwa na programu ya kurekodi mizigo inayopimwa mizanini. Aliyeiandika ni mwanafunzi aliyetutangulia. Alishamaliza na namba yake haipatikani. Nyaraka zilikuwepo, tena za kupendeza. Ndani yake kuna fanksheni "kataUzito": inapokea kilo, inarudisha kilo. Ukiingia kwenye msimbo, kila mzigo unapunguzwa kilo moja. Moja ya nini? Gunia? Unyevu? Makato ya msimu mmoja yaliyosahaulika humo? Karani hajui, katibu hajui. Mzee aliyeleta mizigo kumi na miwili anauliza kilo zake kumi na mbili zimekwenda wapi, na wewe msomi wa chuo unamwonyesha neno "double".

Komenti moja ingetosha: "Tunatoa kilo moja ya gunia tupu, kwa uamuzi wa mkutano mkuu," na tarehe. Javadoc ingeibeba kama ilivyo. Na iandikwe Kiswahili, hata kama kozi ni ya Kiingereza, maana msomaji wake ni karani yule. (Donald Knuth alishatuambia tangu 1984 kwamba programu iandikwe ili binadamu aielewe. Tunamjibia kwenye mtihani, tunamsahau kwenye projekti.)

Mtasema muda hakuna, dedilaini inabana. Sawa, basi tusizitolee maelezo getJina na ndugu zake. Tuandike pale tu penye namba au sharti lililotoka kwa watu.

Viongozi wetu wa kitivo wapeleke hoja moja kwa idara: siku ya uwasilishaji, supavaiza achague fanksheni tatu ovyo, aulize kwa nini zinafanya zinachofanya, na jibu litoke kwenye nyaraka, mwandishi akiwa amenyamaza.