Ujiji Ilikuwa Soko Kabla Haijawa Mnara

Imezoeleka miongoni mwa Watanzania wanaosafiri, na hata miongoni mwa waandishi wa vitabu vya kuwaongoza watalii, kuamini kwamba maduka na masoko yanayostahili kutafutwa ni yale ya miji mikubwa, na kwamba ukubwa wa mji ndio kipimo cha yale ambayo mgeni anaweza kuyagundua humo. Kwa imani hiyo, anayekwenda Dar es Salaam hupewa orodha ndefu ya mahali pa kupita, kuanzia mitaa ya Kariakoo hadi vibanda vya wachonga vinyago wa Mwenge, ilhali anayekwenda Kigoma huambiwa mambo mawili tu, yaani akawaone sokwe wa Gombe na akapige picha kwenye mnara wa Livingstone pale Ujiji, kisha arudi. Kigoma ni mwisho wa reli, husema watu, kana kwamba pale treni inaposimama na biashara nayo husimama. Imani hii ni potofu, na madhara yake hayaishii katika kumnyima msafiri raha, kwa sababu inaugeuza mwambao mzima wa Ziwa Tanganyika kuwa chumba cha kungojea boti.

Historia ya Ujiji peke yake inatosha kuivunja. Richard Burton na John Speke walipofika hapo Februari 1858 hawakukuta ufuko mtupu, bali walikuta mji wenye soko, kituo cha misafara ya wafanyabiashara wa Kiarabu na Waswahili waliotoka Zanzibar na Bagamoyo, na Henry Morton Stanley, aliporejea Ujiji mwaka 1876, aliandika kwa kirefu juu ya bidhaa za soko hilo na bei zake. Chumvi ililetwa kutoka chemchemi za Uvinza, ambako wanaakiolojia wamethibitisha kwamba maji ya chumvi yalikuwa yakichemshwa zaidi ya miaka elfu moja iliyopita. Mawese na samaki vilitoka mwambaoni. Nguo za pamba zilipanda kutoka pwani. Sehemu ya soko hilo ilikuwa ya kikatili, kwa kuwa pamoja na pembe za ndovu waliuzwa hapo watu waliotekwa ng'ambo ya ziwa, na anayelisifu soko la Ujiji bila kuwataja watu hao anawadhulumu mara ya pili. Ukatili huo, hata hivyo, hauondoi ukweli kwamba mji ulikuwa na fedha yake: malipo madogo yalifanywa kwa sofi, yaani shanga za kioo zenye umbo la vipande vifupi vya bomba, ambazo thamani yake dhidi ya nguo ilipanda na kushuka, kama alivyoeleza Edward Hore wa Chama cha Wamisionari cha London aliyefika Ujiji mwaka 1878. Mji uliokuwa na fedha yake na viwango vyake vya kubadilishia haukuwa pembezoni mwa chochote.

Hata kisa kinachowapeleka wageni Ujiji leo ni kisa cha soko, ingawa husimuliwa kama kisa cha wanaume wawili waliopeana mikono chini ya mwembe. David Livingstone alirudi Ujiji mwaka 1871 akitokea Manyema, mgonjwa na amechoka, akitegemea kukuta shehena ya nguo na shanga aliyotumiwa kutoka Zanzibar, akaarifiwa kwamba mtu aliyekabidhiwa mali hiyo alikwisha kuiuza yote. Na kilichomwokoa si maneno ya Stanley yaliyovuma duniani kote, bali ni msafara wa Stanley uliokuwa umesheheni nguo na shanga, vitu vilivyopokelewa sokoni. Mwembe wenyewe ulikwisha kufa zamani, na uliopo ni uzao wake. Mgeni hupelekwa hapo, akasomewa maandishi ya jiwe, akaingizwa kwenye jumba la makumbusho na kurudishwa garini, bila yeyote kumweleza kwamba mji uliompokea Livingstone mahututi ulikuwa ukiuza na kununua kabla hajafika mtu wa kuuandika, na kwamba ungali ukiuza na kununua umbali mfupi kutoka pale aliposimama. Jiwe limepewa heshima ambayo ilipaswa kugawanywa na soko.

Watetezi wa imani ya miji mikubwa hujibu kwamba Kariakoo ina kila kitu, na jibu hilo lina uzito wake. Jengo la soko lililosanifiwa na Beda Amuli katika miaka ya 1970, pamoja na mitaa inayolizunguka, huwalisha na kuwavisha wafanyabiashara wa nchi kadhaa, na hakuna mtu mwenye akili timamu atakayeibeza kazi hiyo. Lakini kuwa na kila kitu si sawa na kuwa na kitu cha kugundua. Bidhaa inayofika katika soko kubwa la jumla imekwisha kupita mikono mingi, na kila mkono uliipunguzia kitu: mmoja uliichanganya na bidhaa ya mahali pengine, mwingine uliifungasha upya, na wa mwisho anayeiuza hana tena habari ya nani aliyeivua, aliyeikamua au aliyeishona. Dagaa wanaoitwa wa Kigoma huuzwa nchi nzima, na kwa kuwa jina hilo hupandisha bei, hakuna kinachomzuia muuzaji wa mbali kuwachanganya na dagaa wa ziwa jingine. Mnunuzi hulipia jina na kupata mchanganyiko. Dubai na London zina maduka makubwa kuliko Kariakoo, na kadiri maduka yanavyokuwa makubwa ndivyo mauzo yanavyozidi kuwa ya vitu vilivyopoteza asili yao.

Kibirizi, kaskazini kidogo ya mji wa Kigoma, mambo ni kinyume. Hapo ndipo mialo, yaani mahali pa kupakia na kupakulia vyombo vya majini, inapokutana na soko, na ndipo zinapoondokea boti za abiria za vijiji vya kaskazini, zikiwemo zinazopita Gombe. Kwa hiyo wageni wa Gombe hupita Kibirizi, wengi wao wakikanyaga mchanga ule ule ambao dagaa wameanikwa, na bado huhesabu kwamba safari yao haijaanza. Wanachokiruka ni darasa zima. Dagaa wa Tanganyika ni aina mbili, ambazo kwa majina ya kisayansi huitwa Stolothrissa tanganicae na Limnothrissa miodon, na aina hii ya pili ndiyo iliyopelekwa katika Ziwa Kariba mwishoni mwa miaka ya 1960 na kuwa kapenta inayoliwa leo Lusaka na Harare. Huvuliwa usiku wa giza kwa taa, zamani karabai na sasa zaidi za umeme wa jua, kwa sababu mwanga huwakusanya karibu na uso wa maji, juu ya wavu uliotegwa kati ya vyombo. Asubuhi huanikwa, na hapo ndipo ubora unapoamuliwa: dagaa walioanikwa chini hubeba mchanga utakaosikika menoni hata wakioshwa mara tatu, ilhali walioanikwa juu ya chanja, yaani vitanda vya wavu vilivyoinuliwa kutoka ardhini, hupigwa na upepo pande zote na kubaki na rangi ya fedha. Mnunuzi anayejua huchukua gao la dagaa, akalisugua viganjani na kutazama kilichobaki mkononi, kisha hunusa, kwa kuwa dagaa walionyeshewa na mvua kabla ya kukauka hugeuka manjano na kutoa harufu ya mafuta yaliyochacha. Akimwamkia mama anayeuza na kumwuliza wameanikwa wapi na lini, atajibiwa kwa uhakika, maana mama huyo au jirani yake ndiye aliyewaanika. Swali hilo hilo likiulizwa Kariakoo halina wa kulijibu.

Mawese yanastahili hoja ya peke yake. Mafuta haya mekundu hukamuliwa kutoka nyama ya tunda la mchikichi, zao ambalo Kigoma imelikuza kwa vizazi vingi na ambalo tangu mwaka 2018 Serikali imekuwa ikihimiza kwa nguvu kulipanua, ikigawa miche ya tenera, yaani mchikichi chotara wenye nyama nyingi na kokwa lenye ganda jembamba, ichukue nafasi ya dura, mchikichi wa asili wenye ganda nene. Ndani ya kokwa mna mafuta mengine, ya mise, ambayo hayafanani na mawese kwa rangi wala kwa harufu, na ambayo hutumika zaidi katika sabuni na vipodozi. Katika duka kubwa la mjini, msafiri huona chupa ya mafuta ya kupikia yaliyosafishwa hadi yakapoteza rangi, mengi yakiwa yametokana na michikichi ya Malaysia na Indonesia, na hawezi kuyahusisha na mti wowote. Mwandiga au Simbo, vijiji vilivyo karibu na mji wa Kigoma, anaweza kuona chikichi zikichemshwa, zikipondwa, zikikamuliwa, na mafuta yakichemshwa tena ili maji yatoke, kisha akanunua dumu lililojazwa mbele yake. Migebuka, samaki wa ziwa hilo, iliyopikwa kwa mafuta hayo, ikaliwa kwa ugali wa muhogo, ina ladha ambayo hakuna hoteli ya Dar es Salaam iliyowahi kuiiga vizuri, na hili linasemwa bila kusita.

Upo ushahidi mwingine ambao wengi hawaujui. Ziwa Tanganyika lina zaidi ya aina 200 za samaki wa ukoo wa sikilidi, ambao ni ukoo wa sato na kuhe, na karibu wote hawapatikani popote pengine duniani. Wafugaji wa samaki wa mapambo wa Ulaya na Marekani huwanunua samaki hawa kwa fedha nyingi, na maduka yao huwauza kwa jina la mahali walikotoka, hivi kwamba samaki wa jenasi ya Cyphotilapia mwenye mistari saba ubavuni huuzwa kwa jina la Kigoma, na mnunuzi hulipa zaidi ili apate huyo na si wa mwambao mwingine. Muuza samaki wa mapambo katika mji wa Ujerumani, basi, anaithamini tofauti kati ya kijiji na kijiji cha Tanganyika kuliko Mtanzania anayeamini kwamba mwambao huo hauna cha kununuliwa.

Kuhusu mwisho wa reli, ramani yenyewe inakanusha. Wajerumani walifikisha reli Kigoma Februari 1914, takriban kilomita 1,250 kutoka Dar es Salaam, kwa sababu ghuba ya Kigoma ina kina cha kutosha meli na kwa sababu walilenga biashara ya Kongo, na mwaka 1921 Uingereza ilikubali kuipa Ubelgiji maeneo yake maalumu ya bandari Dar es Salaam na Kigoma ili mizigo ya Kongo ipite. Mizigo ya Kongo na Burundi ingali ikipita kwenda Kalemie, Uvira na Bujumbura. Vitenge vinavyotandazwa katika maduka ya Kigoma na Ujiji huchaguliwa kwa macho ya wanunuzi wa Kongo na Burundi, ambao wana msimamo mkali juu ya rangi na ukali wa nta, na duka linalowauzia haliwezi kuweka kitambaa kitakachochuja kwa kufuliwa mara mbili. Yapo malalamiko ya kweli, na hayafai kufichwa: bidhaa nyingi hazina lebo, mawese huuzwa bila daraja la ubora, na mgeni asiye na mwenyeji hupotea kirahisi. Hayo ni mapungufu ya huduma, ambayo halmashauri na wafanyabiashara wanaweza kuyaondoa kwa fedha za kawaida. Kinachoyazuia yasiondolewe ni imani ile ile, kwa kuwa hakuna anayetengeneza njia ya kufikia mahali ambapo kila mtu amekwisha kuamini kwamba hapana kitu. Reli ya kisasa ya kilomita 506 kutoka Tabora hadi Kigoma itakapokamilika, abiria watafika kwa wingi zaidi, na wakifika na imani hiyo watateremka, watavushwa hadi Gombe na kurudishwa.

Kwa anayetaka kuikaidi, kalenda ya mwezi ina manufaa kuliko kitabu cha watalii. Siku za mbalamwezi taa za wavuvi hazina nguvu, uvuvi wa dagaa husimama, na Kibirizi hupungua shughuli. Pia, mwaka 2024 nchi nne zinazomiliki ziwa zilisimamisha uvuvi kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti ili samaki wazaliane, kwa hiyo tangazo la mwaka husika lazima liulizwe kabla ya kukata tiketi. Safari ipangwe siku za giza, na mgeni awe mwaloni alfajiri vyombo vinaporudi, kwa maana jua likishapanda migebuka iliyo bora huwa imekwisha kununuliwa na wakazi, ambao hawakuhitaji orodha ya mtu yeyote ili kujua inakouzwa.