Rekebisha nyumba kwanza, jiko la kuni baadaye

Baridi ya Julai inapoingia Nairobi, wenye nyumba za zamani za Karen, Lavington, Loresho na Kitisuru hurudia swali moja: jiko la kuni lililochakaa sebuleni libadilishwe kwa lipi? Muuzaji huuliza ukubwa wa sebule, akaonyesha jiko linalotosha, na biashara ikaishia hapo. Mazungumzo hayo yanaanzia pasipofaa. Nyumba nyingi zilizojengwa kabla ya uhuru hazikosi moto, ila zinashindwa kukaa na joto zinalolipata. Anayetaka kuota vizuri angetumia pesa zake za kwanza kwenye dari, milango na dohani, kisha anunue jiko dogo kuliko alilokusudia, iwapo bado atalihitaji.

Tuanze na baridi yenyewe. Jiji liko karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na mitaa ya magharibi imeinuka zaidi. Huko Dagoretti Corner, yaliko makao makuu ya Idara ya Hali ya Hewa, mchana wa Julai kwa kawaida hufikia nyuzi 21 hivi za Selsiasi na usiku hushuka hadi 11 au 12. Ni baridi ndogo ukiilinganisha na ya Ulaya, lakini inasumbua kwa sababu mawingu hutanda kutwa, siku nenda siku rudi, na kuta nene za mawe hukosa jua la kuzipasha. Joto kidogo linalopatikana nalo halikai. Hupanda likapenya dari nyembamba na kutokea kwenye vigae, na jingine hupotelea kwenye madirisha ya chuma yasiyofunga sawasawa. Meko ya wazi huzidisha hasara: moto wake huvuta hewa ya sebule na kuipandisha dohanini, na nafasi yake huchukuliwa na hewa baridi inayopita chini ya milango. Ndiyo maana aliyekaa mbele ya moto huungua magoti huku vyumba vya kulala vikizidi kupoa.

Katika nyumba ya namna hiyo jiko kubwa huonekana kuwa dawa, na hapo ndipo hasara ya pili huingia. Jiko la chuma lenye mlango hutumia kuni vizuri kuliko meko ya wazi, mradi liwake kwa nguvu. Likiwa kubwa kupita kiasi, sebule hugeuka tanuri kwa muda mfupi, mwenyewe akabana tundu la hewa, na kuni zikabaki kufuka badala ya kuwaka. Moshi huo mzito hupoa ndani ya dohani pana ya zamani na kuacha lami inayonata, ambayo siku moja inaweza kushika moto. Kuni mbichi huongeza balaa, kwa kuwa karibu nusu ya uzito wake huweza kuwa maji, na joto jingi huishia kuyakausha. Mkaratusi uliokatwa leo unafaa kupasuliwa na kuanikwa chini ya paa miezi mingi, hadi unyevu ushuke chini ya asilimia 20. Tena hewa ya Nairobi ni nyepesi kuliko ya Mombasa kwa takriban asilimia 15, hivyo dohani huvuta kwa unyonge. Bomba la chuma kisichoshika kutu, lenye upana unaolingana na jiko, likipitishwa ndani ya dohani hadi juu ya paa, lina faida kuliko nakshi zote za mlango wa jiko.

Wapo watakaosema kwamba kuziba nyumba yenye moto ni kujitafutia kifo. Hofu yao ina msingi. Kaboni monoksidi, gesi isiyo na rangi wala harufu, imewaua Wakenya wengi waliolala na jiko la makaa chumbani. Lakini ufa wa mlango si kinga, kwani huingiza hewa kadiri upepo unavyotaka. Kinachohitajika ni tundu la kudumu lililopimwa, au jiko linalovuta hewa yake kutoka nje kwa bomba, pamoja na kengele ya kutambua gesi hiyo. Isitoshe, kutandika blanketi la kuhifadhi joto juu ya dari hakuhitaji kuziba tundu lolote la hewa.

Wengine watauliza kwa nini kuni zisiachwe kabisa. Kwa wengi hilo ndilo jibu bora. Umeme wa Kenya hutokana kwa sehemu kubwa na mvuke wa Olkaria, maji na upepo, na kiyoyozi kinachoweza pia kupasha chumba hutoa joto mara tatu hivi ya umeme kinaoutumia. Bei ya stima na kukatikakatika kwake ni pingamizi la kweli, ila hupungua nguvu pale chumba kinapohifadhi joto, kwa sababu saa chache za kupasha hutosha. Hata anayebaki na kuni kwa ajili ya usiku ambao stima imepotea ataona kwamba jiko dogo linamtosha.

Pingamizi zito zaidi ni kwamba haya ni mashaka ya matajiri. Ni kweli, wenye dohani Nairobi ni wachache. Hata hivyo moshi wa Lavington haukomei mpakani mwa Kawangware, wala wa Loresho mpakani mwa Kangemi, ambako watu tayari wanavuta moshi wa magari, wa takataka na wa makaa. Uingereza ililipia somo hili: baada ya ukungu wa moshi wa Desemba 1952 kuua maelfu ya watu London, ilitunga sheria ya hewa safi mwaka 1956, nayo iligusa meko za majumbani pamoja na viwanda. Mwenye uwezo wa kununua jiko la bei ghali ana uwezo wa kutengeneza dari. Jiko linalovuja moshi lizimwe sasa, dari na milango ishughulikiwe katika miezi ya kiangazi, kisha Julai moja ipite ndani ya nyumba iliyorekebishwa. Ukubwa wa jiko upimwe baada ya hapo, kwa baridi itakayokuwa imebaki.